Vichwa Vitatu, Jiko Moja

Katika nyumba yetu kichwa hakikuwa na ruhusa ya kuuma. Miguu iliruhusiwa, mgongo uliruhusiwa, kifua, mbavu, nyonga, hata vidole vya mikono. Ndugu yangu mdogo alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujipinda na kukwama njiani, na kila zinapokwama pana maumivu yake. Tuliyajua maumivu hayo kama watu wengine wanavyowajua majirani zao. Ya kifua hayana mzaha, unakimbia hospitali. Ya miguu hupenda kuja na mvua, unachemsha maji na kukanda. Lakini kichwa? Mtu akilalamika kichwa kwetu aliambiwa anywe maji aache kelele, maana chumba cha pili kulikuwa na mtu mwenye kuumwa kwa kweli.

Hata yeye mwenyewe hakukitaja. Nadhani alikionea fahari. Ugonjwa ulikuwa umeshamchukulia mengi: nyonga ya kushoto iliyomfanya atembee akiegemea upande mmoja kama meza iliyokatika mguu, miaka mizima ya darasa, mpira, usingizi. Kichwa haukukigusa. Alikuwa na akili ya kutisha, huyo mtoto, na mdomo wa kufaa akili hiyo. Pale Bondeni, mtaa wetu wa Nakuru, watoto wakubwa kuliko yeye walikuja kukaa kando ya kitanda chake awafanyie hesabu, naye aliwafanyia huku akiwasimanga hadi wanaondoka wakicheka na kutukana. Mama alikuwa akisema Mungu alimpunja damu akamlipa akili. Sisi wote tuliamini hivyo. Tulikuwa tumefanya mapatano na ule ugonjwa: chukua mwili, kichwa tuachie. Kwamba ugonjwa wenyewe haukuwahi kukubali mapatano hayo ni jambo ambalo hatukulifikiria.

Mama vita vyake vilikuwa na baridi. Aliisema baridi kama mtu anavyomsema mke mwenza. Baridi imeingia, baridi imemshika, baridi hiyo inamtafuta mwanangu. Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za kanisali, yaani za baraza la mji, chumba na kingine, babu aliipata alipotoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na ukuta wake ulikuwa na nyufa ambazo Mama alizijua moja moja na kuziziba kwa matambara. Ndugu yangu alivaa sweta mbili mwezi wa Februari, jua linawaka. Wenzake walimwita Gunia. Alikuwa akijibu kwamba gunia angalau lina kitu ndani, wao je?

Basi fikiria Mama alivyopokea habari kwamba mwanawe, mwalimu mpya, amepangiwa shule ya msingi kule juu Kuresoi. Kuresoi! Mahali ambapo viazi vinastawi kwa sababu hakuna kitu kingine kinachofurahia ile baridi isipokuwa kondoo. Alivaa nguo zake za kanisani akaenda kwenye ofisi za elimu kuwapa vipande vyao. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwambia nafasi iliyopo ndiyo hiyo, mama, na waliomaliza chuo wakikaa nyumbani ni wengi. Alirudi akiwa amenuna wiki nzima. Ndugu yangu naye alikuwa akifunga sanduku huku akipiga mluzi. Kwa mara ya kwanza maishani angelala mahali ambapo hakuna mtu wa kumvalisha soksi.

Na kule akapendwa. Alifundisha hesabu, akajifunza salamu za Kipsigis na kuzitumia kwa madaha, akawa anaamkia kila mtu njiani mpaka ng'ombe. Kila mwezi alishuka Nakuru kuchukua vidonge vyake kliniki. Vidonge alimeza, maji alikunywa, na akipigiwa simu alikuwa mzima siku zote. Mzima kabisa, Mama, baridi gani, mimi hata nasikia joto. Mwongo mkubwa.

Mwezi wa Julai, baridi ilipokolea, Mama akaniambia tunakwenda kumtazama. Mimi ni fundi wa sare za shule, na Julai si mwezi wa kuacha cherehani, lakini mama yangu akishasema tunakwenda, anakuwa ameshafunga mizigo. Tulipanda Ijumaa tukiwa na blanketi mbili, unga wa wimbi, na jiko la makaa jipya kabisa alilolinunua kwa fundi wa mabati. Nilimuuliza kama Kuresoi hakuna majiko. Akakaza kamba ya mzigo wake.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya mbao, chumba kimoja, paa la mabati, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana. Mwanga ulipenya ukutani. Mama hakuketi hata kunywa chai. Alitoa matambara kwenye kikapu, alikuwa amekuja nayo kutoka Bondeni, akaanza kuziba. Aliziba ukuta wote, akaziba chini ya mlango, akaziba na ile nafasi juu ya dirisha iliyoachwa makusudi ya hewa. Kisha akawasha jiko lake nje, likashika vizuri, akaliingiza ndani.

Nilimwambia jiko la makaa halilazwi chumba kimoja na watu. Nilimwambia wazi, na si kwa upole, maana upole sina. Pale mtaani kwetu kuna familia iliyolala na jiko ikaamshwa na majirani kwa kuvunjiwa mlango. Mama akajibu kwamba yeye ameishi na jiko tangu kabla sijazaliwa, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndugu yangu akatupatanisha kwa kutucheka. Tukakubaliana: jiko likae mpaka tumalize kula, kisha litoke. Nililitoa mwenyewe nikaliweka nje kwenye baraza, nikafunga mlango, nikalala fofofo.

Asubuhi niliamka kichwa kimebanwa pande zote mbili kama kitambaa ndani ya koleo. Nilijaribu kuketi nikahisi chumba kinazunguka. Niliwaza malaria. Halafu nikaona jiko. Lilikuwa kwenye pembe, karibu na kitanda cha ndugu yangu, majivu yake meupe, na juu ya majivu makaa machache bado mekundu.

Mama alikuwa ameshika paji la uso wake kwa viganja vyote viwili. Alisema, kabla sijamuuliza, kwamba alilirudisha yeye. Alikuwa amemsikia mtoto akigeuka-geuka na meno yakigongana. Nilitaka kumkaripia mama yangu mzazi, Mungu anisamehe, na kilichoniokoa ni kwamba kufungua mdomo kuliniuma. Nilitambaa nikafungua mlango. Nikang'oa matambara yote ya dirishani nikayatupa nje. Tukamwinua ndugu yangu, mmoja huku mmoja huku, tukatoka wote watatu tukaketi uani kwenye jua jembamba la kule, tukipumua kama samaki.

Alikuwa hai. Alikuwa macho, alitembea, alisema kichwa kinamuuma. Sawa, vyetu pia vilikuwa vinauma. Mama akaomba maziwa kwa jirani, maana kwetu maziwa ndiyo hutoa sumu ya aina yoyote, ya moshi, ya nyoka, ya mchawi. Tukanywa maziwa. Kisha tukanywa chai.

Kufikia mwisho wa chai kichwa cha Mama kilikuwa kimepoa. Changu kilibaki na uzito kidogo juu ya macho, kisha nacho kikaachia, na nikasikia njaa. Nikamgeukia ndugu yangu nikamuuliza yeye je. Akasema kimepungua. Alisema bila kuinua macho. Alikuwa ameegemea ukuta, jicho moja amelifumba, na kila jogoo alipowika alikunja uso.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kunitambaa. Tulipumua hewa moja, tulitoka pamoja, tulikunywa maziwa ya chupa moja. Vichwa viwili vimepona. Kwa nini cha tatu kibaki?

Mama alikuwa na jibu lake. Ni jiko, akasema. Yeye damu yake ni haba kuliko yetu, kwa hiyo atachelewa kuliko sisi. Tumpe muda. Ni jiko langu hilo, mimi ndiye niliyekosea, mimi. Alilisema hilo tena na tena, na kilichonikera ni kwamba alilisema kwa nafuu, karibu kwa furaha. Nilichukua muda kumwelewa. Makosa ya jiko yanatibika kwa kufungua mlango. Akishakubali kwamba kichwa hicho kimetoka kwenye damu, mlango wa kufungua haupo. Bora awe yeye mkosaji. Mama yangu angekubali kosa lolote duniani siku hiyo ili mradi lisiwe lile la damu.

Mzee mmoja akapita njiani na ng'ombe wake, mzazi wa shuleni, akamwamkia mwalimu: "Chamgei." Ndugu yangu alimtazama. Alimtazama muda ambao haukuwa wa kawaida, kisha akajibu, "Mulembe."

Mzee akacheka. Mama akacheka pia. Mulembe ni salamu ya kwetu magharibi, na mzee alidhani mwalimu anamchezea. Akaitikia mulembe ile kwa shida akaenda zake akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikimtazama ndugu yangu, na ndugu yangu hakuwa anacheka. Hakuwa amefanya mzaha. Hakujua kuna kitu kimeharibika.

Nikampa kikombe mkononi, mkono wa kulia, kwa makusudi. Akakishika. Kisha vidole vikafunguka taratibu, kana kwamba vimeamua vyenyewe, na chai ikamwagika juu ya mapaja yake. Hakuruka. Alikitazama kikombe kilipoanguka kama kitu cha mtu mwingine.

Nikamwambia Mama tunaondoka sasa hivi. Mama akasema tumwache alale kwanza, akiamka atakuwa amepoa. Nikamwambia akilala hapa hataamka yule yule. Akaniambia nisimtabirie mwanawe. Hapo nilipandisha sauti. Nilimwambia, "Mama, hiki si kichwa cha jiko. Hiki ni cha damu. Tazama mkono wake." Akautazama. Nikamwona anautazama, na nikamwona akizeeka palepale.

Jirani aliyetupatia maziwa alikuwa na pikapu, amekwisha kuipakia viazi vya kupeleka soko la Nakuru. Hakuuliza maswali mengi. Kiti cha mbele kilikuwa cha watu watatu, yeye, Mama, na ndugu yangu katikati yao. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia, nikajifunika turubai, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Kati yangu na ndugu yangu kulikuwa na kioo kidogo chenye vumbi. Nilikifuta kwa kiganja, lakini vumbi lilikuwa la upande wa ndani.

Hiyo safari siwezi kuisimulia vizuri kwa sababu sikusikia lolote. Nilikuwa nikitazama kisogo. Barabara ilikuwa ya matope mpaka tulipofika lami, na kila tulipoteleza kile kisogo kiliyumba kulia, na kila kilipoyumba nilingoja kirudi katikati. Mara kadhaa kilichelewa kurudi. Nikawa nagonga kioo, naye Mama anageuka na kusema kitu, nami naona midomo yake tu. Nilijaribu kusoma midomo ile. Anapumua? Anaongea? Kulikuwa na wakati nilimwona akimpigapiga shavu, na nikapiga paa la pikapu kwa ngumi zote mbili, dereva akafunga breki katikati ya barabara akidhani nimeanguka. Ndugu yangu alikuwa amesinzia tu. Mama alikuwa akimkataza kulala.

Molo tulisimama hospitali. Daktari kijana alimwangalia akiwa bado ndani ya gari, akamwambia ainue mikono yote miwili, na wa kulia ukashuka peke yake. Akasema anahitaji picha ya kichwa na damu nyingi kwa haraka, na hivyo vyote viko Nakuru. Ambulensi ilikuwa imetoka na mama mjamzito. Akatoa mtungi mdogo wa oksijeni na barakoa yake, akaufunga kwa kamba kwenye kiti, akaahidi kupiga simu mbele watungojee. Alitimiza. Tulipofika Nakuru walikuwa mlangoni na machela.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mikono ya haraka. Alimuuliza leo ni siku gani. Ndugu yangu akasema leo ni shule. Akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Nilitaka kumwambia daktari kwamba huyu ni mwalimu wa hesabu, swali hilo ni la kumtukana. Ndugu yangu akaanza: ishirini, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba, kumi na sita. Kisha akasema kumi na saba, kumi na nane, akapanda tena juu taratibu, uso wake umetulia, kama mtu aliye kwenye njia anayoijua. Nilitoka nje. Sikuweza kusimama pale.

Walimpiga picha ndani ya ile mashine ya duara. Baadaye daktari alituita mimi na Mama akatueleza kwa lugha nyepesi. Damu haikuwa imevuja ndani ya kichwa, na hilo alituambia kwanza ili tupumue. Lakini kuna sehemu upande wa kushoto iliyokuwa imekosa damu, ndiyo maana ya mkono na maneno. Na kulikuwa na jambo lingine. Palionekana makovu madogo ya zamani, matatu au manne, ya nyakati ambazo damu ilishindwa kufika mahali fulani na hakuna aliyejua. Akasema watu wa sikoseli wengi hubeba makovu hayo kimya, wengine tangu utotoni, na kwamba kichwa kinachouma kwa mtu wa namna hii hakifai kupewa maji na kuambiwa kinyamaze. Akauliza kama alikuwa akilalamika kichwa siku za nyuma.

Nikamwambia kwetu hakuna mtu aliyekuwa akilalamika kichwa.

Mama akauliza swali moja. Aliuliza kama ni jiko. Daktari alimtazama, na nilijua anatafuta namna ya kusema ukweli bila kumwangusha mtu. Alisema ile hewa ya makaa huiba nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na damu ya mwanawe haikuwa na akiba ya kuibiwa. Alisema mishipa ilikuwa imeanza kuziba zamani. Alisema huenda ingetokea hata bila jiko, na huenda isingetokea siku ile. Hakuna picha ya kuonyesha hilo, mama. Mama akashukuru, akatoka, akaenda kuketi kwenye benchi la kule nje ya wadi. Nami nikatia sahihi abadilishwe damu, itolewe yake kidogo kidogo na kuingizwa ya watu.

Ya watu, si ya kwetu. Mama alikuwa amekunja mkono wa blauzi kabla sista hajamaliza kueleza. Sista akamwambia kwa upole kwamba damu ya mzazi wa mtoto kama huyu ina nusu ya ugonjwa ule ule, haifai kwake. Mama akaushusha mkono wa blauzi akafunga kifungo. Aliyetoa damu siku hiyo alikuwa mwenye pikapu, viazi vyake vikiwa bado garini nje vikilowa mvua, naye hata jina la baba yetu halijui.

Kutoka hapo Mama akakataa kuingia wadini. Asubuhi ile pale uani alikuwa ameling'ang'ania lile jiko kama mtu anayeng'ang'ania ukuta wa kisima. Sasa lilikuwa limemgeuka. Aliniambia, akitazama mikono yake, "Damu nilimpa bila kujua. Jiko nililibeba." Basi. Hakula wala hakulia. Nilikuwa na hasira naye bado, kusema kweli. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na nilipomletea uji nilimwekea kwa kishindo.

Siku zilizofuata nilikaa kando ya kitanda nikingoja kujua ni nani atakayeamka. Hicho ndicho nilichokiogopa, wala si kifo. Kifo tulikuwa tumeishi nacho, tulishazoea kukiona mlangoni kikichungulia na kuondoka. Niliogopa aje mtu mwingine ndani ya ngozi ya ndugu yangu, mtu mpole, wa kulishwa, wa kucheka asichokielewa. Daktari hakunificha. Alisema nguvu za mkono zitarudi kwa mazoezi, maneno nayo mengi yatarudi, lakini jinsi mtu anavyofikiri, anavyopanga mambo, anavyokumbuka na kuunganisha, hayo hayaonekani kwenye picha. Tusubiri tumsikie.

Basi nikawa nasikiliza. Alisema maji. Alisema choo. Aliniita kwa cheo changu cha nyumbani, dada, na nikafurahi, kisha akamwita sista dada, akamwita na mfagiaji dada. Alitaka kijiko akakiita ile ya kuchotea. Nikimuuliza jambo alisema ndiyo, na nikimuuliza kinyume chake alisema ndiyo. Alikuwa akilala sana. Nilimsimulia habari za Bondeni, nani kagombana na nani kwenye bomba la maji, habari ambazo zamani angezikatiza kwa kejeli kabla sijafika katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Adabu hiyo ilinikata maini.

Siku moja, asubuhi ya madaktari kuzunguka, nilichoka na lile benchi. Nilimfuata Mama nikamwambia anaingia kwa miguu yake au nitambeba mbele za watu. Aliingia. Alisimama mwisho kabisa wa kitanda, upande wa miguu, ameshika kikapu chake mbele ya tumbo, hamtazami.

Daktari alikuja na wanafunzi wake wawili. Akapima mkono, mkono ukabana vidole vyake vizuri zaidi ya jana. Akamuuliza leo siku gani, akapata. Kisha akamuuliza, kwa vile sasa anaweza kusema, kile kichwa kilianza kumuuma lini hasa.

Nikaona macho ya ndugu yangu yakienda kwa Mama, kwenye ile mikono iliyoshika kikapu, yakakaa hapo kidogo, yakarudi kwa daktari.

"Alhamisi," akasema. Alisema polepole, akiyatafuta maneno moja moja, lakini kila alilotafuta alilipata. "Nilikuwa darasani. Nafundisha hesabu za sehemu. Chaki ikaanguka. Nikaketi kwenye dawati la mbele, watoto wakacheka. Kikaniuma hivyo hivyo mpaka hawa walipofika. Sikuwaambia."

"Kabla hatujafika?" Mama akauliza. Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu pikapu.

"Kabla, Mama. Mlikuta kimeanza."

Mama akaweka kikapu chini. Akazunguka kitanda akaketi ukingoni mwake, akafunika uso kwa leso, na mabega yake, yaliyokuwa yamekaa karibu na masikio tangu Kuresoi, yakashuka.

Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeduwaa. Alhamisi ile hakuwa darasani. Alhamisi alikuwa Nakuru, amekuja kuchukua vidonge vyake, na hakupita nyumbani kwa sababu Mama angemfungia ndani mpaka Septemba. Alipita kwenye kibanda changu cha kushona, tukaenda kula samaki, akala wake akala na nusu ya wangu, akanisimulia habari za mwalimu mkuu na mbuzi wa shule huku akimuigiza mbuzi. Hakuwa na kichwa cha kumuuma. Tulikubaliana Mama asijue.

Na hiyo ndiyo siku aliyoichagua. Kati ya siku zote za wiki alichagua ile ambayo Mama hakuwa na namna ya kuijua, akaijaza dawati na chaki na watoto, akaweka kila kitu mahali pake, mwanzo, kati, mwisho, akampa mama yake mbele ya madaktari. Juzi mtu huyo huyo alishindwa kushuka kutoka ishirini. Alinitupia jicho, lile jicho kali la kunifunga mdomo, na nikafunga mdomo.

Daktari alipotoka nilimfuata kwenye ujia, kwa maana daktari si mtu wa kuachiwa uongo. Nikamwambia yote: Alhamisi, samaki, mbuzi. Alisimama akinisikiliza, kalamu mkononi. Akaniuliza kama kuna mtu aliyempangia maneno yale. Nikamwambia hakuna, Mama alikuwa hajaingia mle wadini, na mimi mwenyewe nimeyasikia pale pale.

"Ameyapanga peke yake," akasema, kama anayejisemea. Akaandika kitu kifupi. Kisha akaniambia kwamba matibabu hayabadiliki, kwamba atakuwa akiongezewa damu kila mwezi na kule juu Kuresoi hatarudi, na tutafute shule ya karibu na hospitali. Alikuwa akitabasamu wakati akinieleza hayo mabaya yote.

Nilitoka mpaka uani nikalia kwa sauti, bila haya, nimeshika mti wa watu. Askari wa langoni akaja akaniuliza, mathe, pole, umefiwa na nani. Nikamwambia hakuna aliyekufa.